Faraja iliyogeuka kuni: kisa cha mama aliyetafuta tabibu wa OCD

Mtaalamu wa kwanza wa afya ya akili katika kisa hiki ni mimi. Nalisema mapema ili msomaji asidhani anasimuliwa na mtu aliyekaa pembeni. Nilikuwa na mama huyu kwa miezi 7, nikamsikiliza kwa moyo wote, na siku aliyoacha kuja hali yake ilikuwa mbaya kuliko siku aliyobisha hodi. Ameniruhusu kuandika. Yale ambayo yangemtambulisha nimeyabadilisha, mwendo wa mambo nimeuacha ulivyokuwa.

Alikuja mtoto wake akiwa na wiki 9. Alikuwa na miaka 31, mwalimu wa hesabu, mzazi kwa mara ya kwanza, mtu wa kupanga mambo yake na kuyatimiza. Alipokaa tu alisema, "Dada, nina wasiwasi." Nami nikaandika kwenye faili: wasiwasi baada ya kujifungua.

Neno hilo lilinipoteza. Kwa Kiswahili, wasiwasi ni wa anayesubiri majibu ya mtihani, ni wa mzazi ambaye mwanawe hajarudi na giza limeingia, na ni wa mtu anayerudi mlangoni mara 14 kuhakikisha kwamba kitasa kimefungwa. Kule kwenye Kiarabu lilikotoka, neno hili limebeba maana ya mnong'ono, kitu kinachokusemesha ndani kwa ndani na hakikupi nafasi ya kupumua. Hiyo ndiyo maana iliyokuwa imeketi mbele yangu. Mimi nikasikia ile nyepesi, ambayo dawa yake ni kuambiwa "ondoa wasiwasi".

Alifungua moyo kwenye kikao cha 3. Siku moja akimwogesha mtoto, picha ilimpitia kichwani: mkono wake mwenyewe ukimzamisha mtoto majini. Aliruka nyuma, akamwita mumewe kwa kelele. Tangu hapo picha haikumwacha, na kila wiki ilijipatia mahali papya pa kukaa. Ilianza kwenye beseni, ikahamia kwenye visu, ikapanda ngazi, ikafika dirishani. Aliacha kumwogesha mtoto. Visu vyote vikafungiwa kabatini na ufunguo akapewa mume. Usiku alilala chumba kingine, na mwenyewe aliomba mlango ufungwe kwa nje.

Kisha akaniuliza: "Dada, wewe unaniona kama mtu anayeweza kumuua mwanawe?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia kwamba mama anayeogopa hivyo ndiye mama anayependa. Uso ukamkunjuka, mabega yakashuka, akalia machozi ya nafuu. Niliamini kwamba hapo nimefanya kazi yangu.

Wiki iliyofuata aliuliza tena, na iliyofuata tena, kila mara akibadilisha kidogo: je, kama mtu anapenda lakini usingizini hajijui? Je, kama hasira imejificha? Nilijibu kila swali. Akaanza kunitumia ujumbe usiku, nikajibu na huo pia, maana nilimhurumia. Katika mwezi wa 5 nilihesabu ujumbe wa wiki moja nikakuta umefika 40.

Alikuwa na OCD, ugonjwa wa akili wa mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya lazima. Ugonjwa huu una sehemu 2 zinazolishana. Ya kwanza ni wazo, picha au msukumo unaokuja bila kualikwa na kumtisha mwenyewe. Ya pili ni kile anachofanya ili hofu ishuke: kunawa, kukagua, kuhesabu, kupanga, kukwepa, kujikumbusha kichwani, au kuuliza. Watu wanajua kunawa na kukagua kwa sababu vinaonekana kwa macho. Kuuliza hakuonekani. Mtu akiuliza "unadhani mimi ni mbaya?" anafanana na yeyote anayetafuta faraja. Lakini kwa mama huyu swali lile lilikuwa ndilo kunawa mikono kwake, na mimi nilikuwa bomba la maji. Kila jibu lilishusha hofu kwa saa chache, kisha ubongo ukajifunza kwamba hofu ile ilikuwa ya kweli kiasi cha kuhitaji jibu, na kwamba bila jibu haiwezekani kuishi. Kesho yake kiu ilikuwa kubwa zaidi.

Upole wangu si kwamba ulikosa nguvu tu. Ulikuwa kuni. Nimekutana na wenzangu wengi wanaodhani kwamba tabibu asiyejua OCD atakuwa tu dhaifu, atamsaidia mgonjwa nusu badala ya yote. Sivyo. Anaweza kuukuza ugonjwa, tena kwa zile sifa zilezile zinazomfanya apendwe na wateja wake wengine.

Na mawazo yenyewe hayakuwa ajabu. Mwaka 1978, wanasaikolojia Stanley Rachman na Padmal de Silva walionyesha kwamba watu wengi wasio na ugonjwa wowote hupata mawazo ya aina hiyohiyo, ya kudhuru, ya kuchafua, ya aibu, na kwamba kwa kusoma orodha ya mawazo peke yake si rahisi kujua lipi limetoka kwa mgonjwa. Uchunguzi wa Fairbrother na Woody uliotoka mwaka 2008 uliwauliza kina mama wapya, na karibu nusu yao walikiri kwamba wamewahi kupata wazo la kumdhuru mtoto kwa makusudi. Wengi wao wazo liliwapita kama lilivyokuja. Mwenye OCD halimpiti, kwa sababu analisimamisha mlangoni na kulidai maelezo: limetoka wapi, lina maana gani, linasema nini kunihusu?

Ningelijua hilo, ningemweleza mara moja, kwa ukamilifu, kisha nikakataa kulirudia. Sikulijua. Mwezi wa 7 alisema anahisi kwamba nimechoka naye, akaenda kwingine.

Mtaalamu wa pili alimvisha mpira mkononi. Wazo likija, auvute na kuuachia umchape, huku akisema "acha!" Muda uliobaki walichimba utoto wake kutafuta chanzo cha hasira. Mbinu ile ya mpira ilifundishwa sana zamani na bado inazunguka, lakini ina kasoro katika mzizi. Mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake, mwaka 1987, waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na dubu mweupe akawarudia. Mtu anayejilinda dhidi ya wazo analazimika kuliwekea mlinzi muda wote, na mlinzi wa zamu halali. Mkono wa mama huyu ulikuwa na alama nyekundu, na picha zilikuwa zimeongezeka. Kuhusu utoto sina mengi. Huenda yapo ya kuzungumzwa katika maisha ya mtu yeyote, ila mama huyu alitoka pale na ushahidi mpya dhidi yake: kumbe ana hasira iliyojificha.

Mtaalamu wa tatu ndiye aliyemwumiza kuliko sote. Alisikia neno "kumdhuru mtoto" na hakusikia kingine. Alimwita mume, akamwagiza asimwache mke peke yake na mtoto, kisha akapendekeza mtoto apelekwe kwa bibi yake kwa muda. Mtoto alikaa huko wiki 3. Maziwa yalikauka. Mama aliniambia baadaye: "Mpaka hapo nilikuwa na shaka tu. Mtaalamu alipomwondoa mtoto, nikajua kwamba ni kweli."

Sitaki kumhukumu yule mtu. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa kwa ajili ya mtoto. Wala si yeye peke yake. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Kimberly Glazier na wenzake, ambamo madaktari wa eneo la New York walisomeshwa maelezo mafupi ya wagonjwa wa OCD na kuulizwa ugonjwa ni upi. Mgonjwa mwenye hofu ya uchafu, takriban thuluthi moja ya madaktari walikosea. Mgonjwa mwenye mawazo ya kudhuru watu, asilimia 80 walikosea. Kama ugonjwa wako una sura ya sabuni, una bahati ya kutambuliwa. Ukiwa na sura ya kisu, unaweza kuonekana mhalifu.

Hapa lazima niseme jambo kwa uzito, kwa sababu mtu asije akasoma kisa hiki akapuuza hatari ya kweli. Ipo hali ya dharura inayoweza kumpata mama baada ya kujifungua, nayo si OCD. Mama huyo anasikia sauti au kuona visivyokuwepo, au anaamini kwa dhati kwamba mtoto amebadilishwa au ana uovu ndani yake, au amekaa siku kadhaa bila usingizi na hahisi kuuhitaji, huku akili ikichanganyikiwa na tabia ikibadilika ghafla. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mama yeyote anayepanga kujiua au anayetaka kumdhuru mtu. Tofauti kati ya hali hiyo na OCD, ambayo tabibu aliyezoea anaijua, haimo katika wazo, imo katika namna mtu anavyolipokea. Mama wa kisa hiki alilichukia wazo, alilikimbia, alijifungia mlango ili kumlinda mtoto. Hakuamini uongo wowote kuhusu mtoto. Alikuwa na shaka juu ya nafsi yake, na shaka hiyo haikushiba.

Baada ya mtoto kurudi nyumbani, mama aliamua kwamba safari hii hatakosea. Usiku mmoja alisoma simulizi la mtu mwenye mawazo kama yake, akakutana na herufi 3: OCD. Alisoma hadi asubuhi. Kwa mara ya kwanza alilia bila kuogopa. Siku iliyofuata alifungua daftari jipya na kuanza kutafuta mtaalamu.

Daftari lile nimeliona. Lilikuwa na majina 23, yamepangwa kwenye jedwali la mwalimu wa hesabu: shahada, miaka ya kazi, usajili, picha inaonyesha uso wa aina gani, wateja wanasemaje, anaonekana mwenye hukumu au la. Kila jina lilikuwa na alama kati ya 100. Aliwaandikia wengine, kisha akawaandikia tena kuongeza jambo alilosahau, kisha tena kusahihisha alilolisema vibaya, kwa sababu aliona kwamba wasipojua yote hawawezi kumpa jibu la uhakika. Wiki 6 zilipita hivyo. Hakuwa amepanga kikao hata kimoja.

Mtu akitazama kwa nje angesema huyu ni mgonjwa makini. Lakini OCD ilikuwa imeingia kwenye daftari. Ilikuwa inadai uhakika kuhusu tabibu kama ilivyodai uhakika kuhusu moyo wake, na kila safu mpya ya jedwali ilikuwa kitasa kingine cha kukagua. Naliona jambo hili kwa wagonjwa wengi sasa, na ndilo ningependa ndugu za mgonjwa walijue: kutafuta tabibu wa OCD kunaweza kuwa sehemu ya ugonjwa. Mgonjwa hahitaji tabibu bora kuliko wote. Anahitaji mmoja anayejua tiba hii, aliye tayari kuanza.

Mume ndiye aliyekata kamba. Aliketi naye akamwambia, "Mke wangu, chagua 3. Jumatatu tunawapigia. Yeyote atakayejibu vizuri tunaanza naye, hata ukiwa na shaka." Akamwandikia swali moja tu la msingi: utanitibu vipi, hatua kwa hatua?

Wa kwanza alisema, "Mimi huchanganya mbinu mbalimbali kulingana na mteja." Jibu hili linapendeza sikioni, na kwa matatizo mengine linaweza kuwa sawa. Kwa OCD ni dalili ya kuendelea kutafuta, kwa sababu ipo tiba inayojulikana kwa jina, na anayeifanya huitaja bila kuzungukazunguka.

Wa pili alisema atamfundisha kupumua, kutulia, na kuyageuza mawazo mabaya kuwa mazuri. Wakati ule, nami ningejibu vivyo hivyo.

Wa tatu aliuliza kwanza. Aliuliza wazo likija anafanya nini, si tu mikononi bali hata kichwani. Aliuliza mume anashiriki vipi. Kisha akaeleza: atampima, watapanga pamoja mambo anayoyakimbia kuanzia mepesi, watayaendea moja baada ya jingine, na katika kila moja ataacha kufanya kile kinachoshusha hofu. Baadhi ya mambo watayafanya pamoja ndani ya kikao, mengine atayafanya kila siku nyumbani. Akasema tiba hiyo inaitwa ERP, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuikabili hofu na kuzuia kitendo kinachoishusha, kwamba ameifundishwa chini ya msimamizi, na kwamba amewatibu watu wenye mawazo ya kudhuru. Hakushtuka. Mama aliniambia kwamba kule kutoshtuka kulimfaa kuliko miezi yangu 7 ya upole.

Kabla ya kukata simu, mama akauliza lile alilokuwa amelibeba: "Je, una uhakika utaniponya?"

"Sina," akajibu. "Watu wengi hupata nafuu kubwa kwa tiba hii. Wewe sijui. Na nadhani swali hilo tutakutana nalo sana, mimi na wewe."

Wagonjwa wengi wangeondoka hapo. Ningeweza kumwelewa yeyote ambaye angeondoka. Yeye alibaki kimya kwenye simu, kisha akasema sawa.

Tiba hiyo haikuanza jana. Mwaka 1966, mwanasaikolojia Victor Meyer wa Hospitali ya Middlesex, London, alieleza wagonjwa 2 waliokuwa wameshindikana. Aliwazuia kufanya vitendo vyao vya lazima, wauguzi wakikaa nao wodini, huku wakiletwa karibu na kile walichokiogopa. Walipata nafuu wakati ambapo OCD ilihesabiwa kuwa karibu haina tiba. Baadaye watafiti kama Isaac Marks na Edna Foa waliijenga na kuipima. Katika jaribio la Foa na wenzake lililochapishwa mwaka 2005, baada ya wiki 12 asilimia 62 ya waliopata ERP walikuwa wameitikia tiba, asilimia 42 ya waliopewa dawa ya klomipramini, asilimia 70 ya waliopata vyote viwili, na asilimia 8 ya waliopewa vidonge bandia. Tazama hiyo 62 vizuri. Ni kubwa, na si 100. Tabibu anayeahidi 100 hajui au hasemi kweli.

Katika kikao cha kwanza mama alipimwa kwa mizani ya Yale-Brown ya kupima ukali wa OCD, iliyotolewa mwaka 1989 na Wayne Goodman na wenzake: maswali 10, kila moja alama 0 hadi 4. Alipata 29 kati ya 40, kiwango kikali. Mimi sikuwahi kumpima. Miezi 7 yote nilijua hali yake kwa kutazama uso wake anapoondoka, na uso wa mtu aliyetoka kufarijiwa hudanganya.

Vikao vilifanyika kwa video kwa kuwa tabibu alikuwa mbali. Mama aliona hilo kama upungufu, ikawa faida. Hofu yake haikukaa ofisini kwa mtu. Ilikaa bafuni na jikoni kwake, na simu iliweza kuegeshwa hukohuko. Walianza kwa kusema neno "kisu" huku mtoto akiwa chumba cha pili. Baadaye kisu kikawekwa mezani, kisha mezani mtoto akiwa chumbani humo, kisha mkononi. Ngazi akazipanda na mtoto begani, kwanza mume akiwa chini, halafu mume akiwa nje ya nyumba. Aliandika sentensi moja na kuisoma kwa sauti kila siku: "Inawezekana siku moja nitamdhuru mwanangu, na sina namna ya kujua kwa hakika." Mama mkwe alipoisikia alidhani tabibu ana wazimu. Kwa kweli hakuna aliye na uhakika huo, si mimi wala wewe, ila sisi tunaishi bila kuudai, na mama alikuwa anajifunza kuishi hivyo.

Kwenye wiki ya 6 tiba ilikwama. Alikuwa anafanya mazoezi yote, alama zikasimama palepale. Tabibu asiyejua angesema mgonjwa hajitahidi, au tiba imeshindwa. Huyu, mtoto akiwa ndani ya beseni na mikono ya mama ikiwa majini, alimwuliza polepole: "Sasa hivi kichwani unafanya nini?" Mama akanyamaza, kisha akakiri. Katika kila zoezi alikuwa akijiambia kimoyomoyo, "Mimi ni mama mwema, mimi ni mama mwema." Alikuwa amezuia kitendo cha nje na kukihamishia ndani. Wakaliondoa hilo sentensi kwa sentensi. Kuanzia hapo alama zilishuka. Nimelifikiria swali lile mara nyingi. Ukitaka kumtambua anayeijua OCD, mtazame kama anajua kwamba kitendo cha lazima kinaweza kufanyika bila kidole kutikisika.

Mume naye alipewa kazi yake. Kwa miezi mingi alikuwa anajibu "hapana, hutamdhuru" hadi mara 30 kwa siku, kwa mapenzi yote, na alikuwa amechoka kupita alivyokubali. Alifundishwa kusema: "Hilo ni swali la OCD, sitalijibu. Naona ni vigumu, na niko hapa." Siku 4 za kwanza mke alimkasirikia sana. Siku ya 5 aliuliza mara 2.

Dawa nayo ilikuwamo. Tabibu alimpeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili, ambaye alimwandikia setralini, moja ya dawa zinazotumika pia kutibu sonona, baada ya kupima faida na hatari kwa mama aliyejifungua si muda mrefu. Kwa OCD, dawa za kundi hilo mara nyingi huhitaji dozi kubwa kuliko za sonona, na hazipimwi kwa wiki 2. Zinahitaji kupewa wiki 8 hadi 12 kwa dozi ya kutosha kabla ya kusema zimeshindwa. Wengi huacha mapema kwa kutoambiwa hivyo.

Vikao 18 kwa jumla, viwili kwa wiki mwanzoni. Kwenye kikao cha mwisho alama zilikuwa 9. Picha bado humjia. Alisema, "Inapita kama gari barabarani. Nalisikia tu."

Alikuwa na bahati ya kumpata mtu, hata kwa mbali. Wapo wasiompata kabisa. Kwa hao ningependelea mwanasaikolojia wa kawaida anayekubali kusema "sijawahi kutibu OCD, lakini nitasoma mwongozo wa ERP na nitatafuta msimamizi", kuliko bingwa wa kila kitu asiyejua asichokijua. Sweden wamejaribu tiba hii kwa intaneti, tabibu akifuatilia kwa maandishi, na watu wamepata nafuu. Norway, mjini Bergen, kundi la Gerd Kvale na Bjarne Hansen limeifanya kwa siku 4 mfululizo. Nayataja haya kwa sababu yanaonyesha kwamba kinachoponya ni kitendo chenyewe: kuiendea hofu na kuacha kuizima. Chumba kizuri, kiti laini na miaka 20 ya kazi haviwezi kuziba pengo lake.

Mama alinirudia mwaka mmoja baadaye, hakuja kwa tiba. Alikuja kuniambia nilichokosea, akakaa saa nzima akieleza kwa utulivu wa mwalimu. Nilimwomba msamaha. Kisha nikaenda kujifunza tiba hii chini ya msimamizi, na sasa mteja mpya akisema "nina wasiwasi" namwuliza unafanana na nini, unakuja mara ngapi, na ukija unafanya nini ili utulie.

Wiki iliyopita alinipigia. Mtoto ameanza kupanda ngazi mwenyewe, na kazi imerudi kwa kishindo. Alisema usiku ule alikuwa amechoka, picha zimerudi kidogo. Halafu sauti yake ikabadilika, ile sauti ninayoijua.

"Dada, hivi wewe unadhani..."

Mdomo wangu ulikuwa tayari na jibu. Niliufunga. Nilimsikia akivuta pumzi upande wa pili, na nyuma yake mtoto akipiga kelele za kucheza.

"Basi," akasema. "Acha nimwogeshe huyu."